Karani wa Redio wa Tawau

Karani wa redio katika kituo cha doria ya baharini cha nchi tatu, pale Tawau, bandari iliyo jirani na Indonesia na Ufilipino, hufuta maikrofoni kwa pindo la shati kila anapotaka kusema, kisha hunguruma kama mnadi samaki. Dayang, afisa kijana anayekaa naye, ameshazoea. Jana mchana nahodha wa meli ya makaa alilia redioni: boti ya magaidi inamfukuza, wanataka kuwateka mabaharia wake! Meli ilikuwa mpakani hasa mwa bahari ya nchi hizo mbili jirani, na kwenye skrini Dayang aliona manowari ya Indonesia na ya Ufilipino zimetulia, kila moja ikingojea mwenzake atangulie. Karani akafuta maikrofoni. “Indonesia, mmelala? Wafilipino washaondoka!” Akabadili masafa. “Ufilipino, aibu gani hii? Waindonesia washawapita!”

“Mjomba, mbona hakuna aliyeondoka?” Dayang akanong'ona.

“Binti, mteja hanunui samaki mpaka aone mwenzake ameshamshika.”

Manowari zote mbili zikachomoka kama majogoo wa kupiganishwa, magaidi wakabanwa katikati, wakanyoosha mikono. Punde makamanda wakakutana redioni.

“Ahsanteni kwa kututangulia, ndugu zetu.”

“Sisi? Si nyinyi ndio mliotangulia?”

Karani akanyakua karatasi iliyofungiwa ndizi zake za kukaanga, akaifikicha mbele ya maikrofoni. “Redio inakoroma, mabwana! Siwasikii kabisa!”