Dhapu wa Chumba cha Mifuko

"Mwenzangu, mumeo anaongea na yule mwanamke wa chumba cha mifuko, Dhapu, kupitia bomba," jirani yake Gopali alisema huku akipepeta uwele. "Kiwanda kizima kinajua. Huku ko, kule ko. Kama kasuku wawili!"

"Baba Pinki? Yule hata mimi mkewe hanisemeshi," Kamli alijibu akicheka, ila kicheko kilimkaukia mdomoni.

Ni kweli. Bhanwar, mumewe, akirudi jioni hula kimya, kope bado nyeupe kwa unga wa zinki, kisha hulala. Kumbe maneno yake huyaacha huko! Jioni hiyo Kamli aliunguza mikate.

Kesho yake alimbeba mwanawe Pinki kiunoni, akachukua chakula cha mumewe, akashika njia ya kiwandani. Kabla hajafika alikwishaamua: atamwona msimamizi, Dhapu ahamishiwe kwenye upakiaji, mbali na lile bomba.

Tanuruni zinki ilikuwa ikichemka. Mvuke wake ulipokutana na hewa uliwaka, ukageuka moshi mweupe wa unga, na feni ikauvuta ndani ya bomba refu lililopenya ukutani hadi chumba cha mifuko ya kuchujia unga. Bhanwar alikuwa amesimama pembeni, mkono kwenye kilango cha hewa. Mara bomba likalia: ko, ko. Akatabasamu, akafungua kilango kidogo, akagonga kwa chuma: ko.

Tabasamu lile! Kamli alilijua. Lilikuwa la mwaka wao wa harusi.

Hakumwita. Aliweka chakula chini, akalifuata bomba.

Dhapu alikuwa mjane wa makamo, ushungi kaufunga puani, akikung'uta mfuko mrefu wa kitambaa huku unga ukimwagika kimya kimya. Kamli alimtafuta uzuri ili auchukie. Hakuuona, na hilo likamuudhi zaidi.

"Wewe ndiye unayemgongea mume wangu?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Mfunike mtoto pua kwanza."

Kamli akamfunika kwa hasira. "Mnaambiana nini?"

"Unga ukikawia kwenye joto, chembe zinashikana, unakuwa kama mchanga. Nikiusikia hivyo vidoleni namgongea aongeze hewa, upoe upesi. Naye anajibu kwamba amesikia. Basi."

"Na kutabasamu je? Nako kunapoza unga?"

Dhapu akacheka hadi ushungi ukamteleza. "Anatabasamu? Nitajuaje, nami niko nyuma ya ukuta?" Kisha akapangusa mikono. "Lakini sikufichi. Tangu mume wangu afe, kwa mashemeji zangu nasemeshwa na ufagio tu. Hapa nikigonga, kuna mtu anajibu. Siku nyingine nafika kabla tanuru halijawashwa, kwa hamu hiyo."

Hata Kamli angevua bangili zake zote ili ajibiwe hivyo nyumbani, mara moja tu, bila kuuliza mara tatu. Wivu ukamchoma upya.

"Naenda kwa msimamizi," alisema. "Utahamishiwa upakiaji leo leo."

Bomba likalia ko, peke yake, kama linauliza. Dhapu hakuligusa. Alitandaza ncha ya ushungi wake mbele ya Kamli, kama waombavyo wanawake mbele ya mungu.

"Mkataze asitabasamu, mdogo wangu, ni haki yako. Lakini nakuomba, mwache ajibu."