Nimetia Sahihi Kifaa cha Ndege kwa Kumwogopa Shemeji

Admin, nifiche kabisa, maana huku tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa Mombasa, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Nakagua vifaa vya injini za ndege kwenye kiwanda kimoja. Kifaa chetu kinasukumwa na mafuta ya presha, kinafungua na kufunga njia ya hewa ndani ya injini. Kina pande mbili za kukiendesha, ili mmoja ukifa angani, wa pili ushike hapo hapo.

Anayeviunda ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye anapima, anatia sahihi. Mimi napima upya kana kwamba sijaiona karatasi yake, natia yangu. Supavaiza hajui kama sisi ni jamaa.

Alhamisi, nikipima kimoja, nilizima upande wa kwanza. Wa pili ukasogea kidogo, ukakwama. Nikarudia mara tatu, yale yale. Sheria ni kufunga lebo nyekundu na kumwita supavaiza. Mimi mjinga nikamwita shemeji pembeni, eti nisimvunjie heshima. Akasema ni baridi tu, mafuta yamekuwa mazito, tuyapashe moto. Tukapasha, kikapita kipimo mara hiyo moja tu. Akanisogezea kalamu. Nikatia sahihi, Mungu anisamehe.

Ijumaa nikamuuliza yeye alipokipima ilikuwaje. Akacheka.

"Shem, upande wa pili huwa siupimi. Miaka yote hii nani ameuhitaji?"

Nilitamani kumzaba kofi. Kumbe sahihi yake ilikuwa bure tangu mwanzo, na yangu nimeitia kwa kumwogopa yeye!

Nikamweleza mume wangu nikidhani atanielewa. Wapi! Ananiambia kaka yake ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege na makoti ya baridi mkononi, na nikimchongea basi nimeivunja nyumba yangu mwenyewe. Tangu hapo hatusemeshani. Nimechoka na hii heshima, heshima. Na wale watakaopanda hiyo ndege, wao hawana heshima yao?

Kifaa bado kiko kwenye rafu. Nikisema, shemeji anafukuzwa, na mimi nyuma yake, na ndoa sijui. Nikinyamaza, kinafungwa kwenye injini.

Ndugu zangu, nitukaneni baadaye, kwanza nishaurini. Jumatatu naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, na lori linakuja kukichukua saa mbili. Hayo masaa mawili niyafanyie nini?