Macho ya Mjane

Mchana wa machimboni una kelele mpaka mtu anasahau kwamba ana masikio. Karasha zinasaga mawe, jenereta zinakohoa, redio zinashindana. Lakini pale kwetu, machimbo madogo upande wa Bugarama, ukiinua turubai jeusi la kibanda umiza, banda letu la video, ulikuwa unaingia kwenye usiku wa kutengeneza. Kila tundu la bati lilizibwa kwa matambara na udongo. Nje jua la saa nane, ndani huoni kiganja chako. Mwanga ulikuwa wa skrini peke yake, na ndani yake vumbi la mawe lilielea polepole, kana kwamba kuna mtu analipulizia.

Mimi nilikuwa natengeneza simu na taa za sola. Nimezaliwa Shinyanga vijijini, nikasoma mpaka kidato cha nne, halafu miguu ikakataa kutulia. Msimu mmoja Kahama, mwingine Kalangalala, mwingine machimboni. Kila ninapofika nakumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka nakuta sipakumbuki vizuri.

Msimu ule watu wote walikuwa wanamfuata Mjane. Ndivyo tulivyomwita mwanamke wa kwenye tamthilia ya nchi ya mbali, ambayo lugha yake hakuna aliyeijua kati yetu. Alikuwa mnyonya damu. Alikaa nyumba ya mwisho wa mtaa, akipangisha vyumba, na wapangaji wakawa wanapungua. Njaa ikimshika, macho yake yaligeuka mekundu. Kabla ya kumwinamia mtu alifunga dirisha, akamshika kidevu taratibu, midomo yake ikatamka kitu.

Kitu gani? Hapo watu waligawanyika. Kibandani kwetu tafsiri alikuwa anaifanya DJ, jamaa mnene aliyekaa pembeni na maiki, akisema sauti za watu wote, wanaume kwa wanawake, hata za mbwa. Yeye alimfanya Mjane aseme: "Umekula kwangu, sasa ni zamu yangu." Alikuwa analisema hilo kwa kunong'ona, na mgongo wako ulijua. Lakini mimi tamthilia hiyo niliianzia Kalangalala, kwa DJ mwingine, na kule, kwenye sehemu hiyo hiyo, Mjane alikuwa anasema: "Nisamehe mwanangu, njaa haijui undugu." Kule wanawake walikuwa wanamlilia.

Picha ikiisha, watu walihamia kwenye mabenchi ya mayu, mbele ya mlango wa kibanda, kubishana. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na kila mtu alimwita hivyo, hata wale wa Kigoma na Tanga. Alikuwa bibi mfupi, mjane naye, aliyeuza uji na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Hakuwahi kuingia kibandani. Tamthilia aliisikilizia nje kupitia mabati huku anakoroga uji.

"Leo kamla nani?" aliniuliza siku moja.

"Mpangaji wa juu, mayu."

"Yule mwenye kofia? Gashi, kumbe! Nilijua tu. Alikuwa hasalimii."

Pembeni mabishano yalikuwa yameshapamba moto.

"Yule ni muuaji, basi," alisema fundi mmoja wa karasha, mtu wa maneno mengi.

"Muuaji gani anakufungia dirisha usipigwe na baridi?" akajibu dada mmoja wa kugonga mawe.

"Anafunga usipige kelele ukasikika! Ungepanga kwake wewe, ungekuwa wa kwanza."

"Bora yeye kuliko mwenye duara wako, huyo tajiri wa shimo. Yeye anakunyonya siku moja. Huyo wako anakunyonya msimu mzima."

Watu wakacheka. Nikasema kwamba Kalangalala Mjane anaomba msamaha.

"Kalangalala wamepewa feki, kaka," akasema fundi. "DJ wao mlokole." Kisha akamgeukia bibi. "Mayu, mbona na wewe macho kama ya Mjane? Leo umeshiba?"

"Nikikunyonya wewe nitalewa," akajibu mayu. "Una gongo tupu mwilini."

Tulicheka sana. Na kweli macho yake yalikuwa mekundu. Alitoka kwenye mbuga za Shinyanga, ambako miti ni michache na watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Machimboni mkaa ulikuwepo, lakini yeye aliletewa mavi na wachungaji, kwa sababu, alisema, uji wa mkaa hauna ladha. Moshi wake ulikuwa mzito, wa chini chini, na alikuwa ameuinamia tangu utoto.

Mtu wa kwetu haelezwi macho mekundu ya mwanamke mzee yana maana gani kwa wengine: uchawi. Nilikulia kijiji ambacho nyumba moja ilibaki na mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka, na sisi watoto tulikatazwa kuuliza. Bibi wa nyumba ile naye alipikia mavi ya ng'ombe.

Halafu mchimbaji mmoja, kijana wa duara refu ambaye kila siku alikula kwa mayu, akaanza kukohoa damu. Vumbi la duara, kila mtu alilijua. Wengine walikuwa wameshaondoka na kikohozi hicho hicho. Lakini siku hiyo, gizani kibandani, Mjane alipofunga dirisha na DJ akanong'ona, "Umekula kwangu, sasa ni zamu yangu," sauti fulani nyuma ikasema, "Kama mayu."

Hakuna aliyecheka. Nilingoja mtu acheke.

Siku iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Asubuhi ya pili nilipopita kwenda kazini nilimkuta mayu amesimama mahali pa jiko lake. Mafiga yake matatu yalikuwa yameng'olewa na kupangwa njiani, moja mbele ya jingine, yakielekea barabara ya mabasi. Majivu yalikuwa bado ya moto. Aliyefanya hivyo alikuwa amefanya kulipokucha, mayu akiwa kisimani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

Aliitika, macho yakiwa kwenye mafiga. "Wamenionyesha njia," akasema.

Nilijua kinachofuata mtu asipoifuata njia aliyoonyeshwa. Nikaenda moja kwa moja kwa DJ, nikamkuta anafunga nyaya.

"Kaka, badilisha yale maneno ya zamu yangu. Sema kama Kalangalala. Sema nisamehe."

"Watu wanakuja kuogopa. Wakitaka msamaha waende kanisani."

"Na kweli anasema nini pale?"

Akanitazama kama nimemwuliza jina la mama yake. "Nitajuaje? Lugha yao siijui. Mimi naangalia uso, naona maneno."

Mchana huo turubai liliinuliwa, mwanga ukatukata macho, na mayu akaingia. Akalipa kama wengine, akaenda kukaa benchi la mbele. Mtu aliyekuwa hapo akasogea mpaka mwisho wa benchi, kisha akasimama kabisa. Skrini ilimmulika mayu usoni. Macho yale, kwenye mwanga wa buluu, yalikuwa meusi, kama hayapo.

Ilipofika pale, Mjane akafunga dirisha. Akamshika mpangaji kidevu. DJ akainua maiki, akamwona mayu anamtazama yeye, wala si skrini. Maiki ikabaki hewani.

Ndipo tuliposikia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia, kwa kuwa siku zote sauti ya DJ ilikuwa juu yake. Hapakuwa na neno lolote. Midomo ya Mjane ilicheza na sauti haikutoka. Tulisikia jenereta tu, na pumzi zetu wenyewe, na mle gizani mtu fulani anakohoa. Kisha Mjane, kwa mgongo wa mkono, akajifuta jicho.

"Moshi," akasema mayu kwa sauti ya kawaida kabisa. "Huyo naye anapikia mavi ya ng'ombe."

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. DJ mwenyewe alishindwa kujizuia, akaita kwenye maiki, "Jamani, moshi!" na watu wakapigapiga mabati. Jioni mabenchi yalijaa tena. Hata fundi wa karasha alikula sahani mbili, akasaidia kurudisha mafiga. Niliamini mambo yamekwisha.

Kesho yake nikamkuta mayu anafunga mzigo.

"Mbona unaondoka, mayu? Si watu wote wamecheka?"

"Waliocheka ni wengi, ng'wana wane, mwanangu," akasema. "Panga anashika mmoja. Na huyo sikumsikia akicheka."

Nilimbebea mzigo mpaka stendi. Alikuwa anakwenda Chato, kwa mtoto wa kaka yake, wanakobanika sangara kwa moshi.

"Huko ukiwa na macho meupe ndiyo wanakushangaa," akasema, akapanda basi bila kugeuka. Baadaye nilisikia kwa dereva kwamba amefungua uji karibu na mwalo wa wavuvi na benchi lake halina nafasi.

Kijana wa duara aliendelea kukohoa. Mayu hayupo, moshi wake haupo, na damu ilikuwa inatoka vilevile. Watu wakaanza kuangaliana usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Asubuhi moja mama aliyechukua nafasi ya uji alinipa kikombe, mkono wake ukachelewa kukiachia.

"Kaka, macho yako vipi?"

"Vumbi la karasha, mama. Na moshi wa risasi ya kuchomelea simu."

"Haya," akasema. Lakini alikuwa anawatazama watu wa benchi, na benchi zima lilikuwa linanitazama mimi.

Sikumaliza uji. Niliondoka siku hiyo hiyo.

Siku hizi niko Kalangalala, nimepanga chumba nyuma ya maduka. Juzi mteja aliniachia simu yake niibadilishie kioo, na ndani yake nikaikuta tamthilia ile, ya asili, bila DJ, maneno ya Kiingereza yakipita chini. Kiingereza changu kinatosha. Alfajiri, chumbani, nikaitafuta ile sehemu. Mjane akafunga dirisha, akashika kidevu, midomo ikacheza. Chini patupu. Hawakuandika kitu. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena, na safari hiyo, naapa, nilimsikia akisema maneno ya DJ wetu.

Simu ikazimika yenyewe, na kwenye kioo cheusi nikaona macho mawili, mekundu, yananitazama.

Nikatoka nje kunawa macho kabla mwenye nyumba hajaamka.