Mlalamishi Hayupo

Niliajiriwa siku mbili kuwa mtu aliyeuzwa. Polisi wa Garsen walikuwa wakifunzwa kutambua biashara ya binadamu, na mkufunzi wao, mama mmoja kutoka Nairobi, alitaka mtu wa kuigiza mwathiriwa asiyejua Kiswahili. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kutangatanga hadi Moyale kumenipa lugha. Kiorma ni cha mama yangu, na Kioromo cha Ethiopia, ng'ambo ya mpaka, hakiko mbali nacho.

"Huyu hahitaji kuigiza," sajini mmoja akasema nilipoketi mbele ya ukumbi. "Angalieni viatu. Ameuzwa mara tatu, na bei inashuka tu."

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini sajini huyo ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote. Aliuliza nani anashika simu yangu, nani hunijibia nikiulizwa, nalala wapi. Mkufunzi akampigia makofi. "Mtu kama huyu si mhalifu," akawaambia. "Msimshtaki kwa kukosa karatasi. Yeye ndiye aliyekosewa." Nadhani mimi niliyaamini maneno hayo kuliko polisi wenyewe.

Wiki iliyofuata sajini akanipigia simu. Kwenye kizuizi cha barabara walikuwa wamemtoa mwanamume mmoja ndani ya lori la mbuzi, chini ya turubai. Hakuwa na kitambulisho wala hakusikia Kiswahili. Nilimkuta kituoni ameketi sakafuni, viganja vimechubuka. Nilipomsalimia kwa Kiorma, alilia.

Mwanzoni alikataa kusema lolote. Nikamwambia, "Ndugu yangu, sema yote. Hawa wamefunzwa. Hawatakufunga."

Akasema. Aliahidiwa kazi Afrika Kusini. Badala yake alivushwa mpaka na kuchimbishwa visima porini miezi mingi, simu amenyang'anywa, na sasa alikuwa akipelekwa kwa watu wengine. Sajini alisikiliza kwa makini. Kila ishara tuliyoigiza ukumbini ilikuwepo. Akafungua kitabu cha matukio.

"Haya. Mlalamishi ni yeye. Anamlalamikia nani?"

Nikamuuliza. Akainamisha kichwa. "Aliyenitoa nyumbani ni mjomba wangu, ndugu ya mama."

Hapo nikajua. Kwetu mjomba hata akikukosea humtaji mbele ya wageni, maana laana yake haipoi, na mama ndiye anayebaki nayo nyumbani.

"Mwambie ataje jina," sajini akasema. "Jina moja tu."

"Hatataja, afande."

"Umemwambia vizuri?"

"Hata mimi nisingetaja."

"Basi wale wa visima?"

Wale hakuwajua majina. Mmoja walimwita Mkubwa.

Sajini akaweka kalamu chini. "Nimwandike vipi sasa? Mkubwa wangu akiniuliza huyo Mkubwa wake yuko wapi, nitasemaje?" Hakuna aliyecheka. "Mlalamishi asiye na malalamiko simjui. Ninachokijua ni kwamba amevuka mpaka bila kibali. Amesema mwenyewe."

Alisema kwa sababu mimi nilimwambia aseme.

Kortini niliitwa tena kutafsiri. Hakimu aliuliza kama ni kweli aliingia nchini kinyume cha sheria. Yule bwana alinitazama kwanza, kama mtu anayetaka kujua jibu lipi ni zuri. Akasema ni kweli. Nikageuka, nikasema kwa Kiswahili, "Ni kweli." Kikaandikwa kifungo, na baada ya kifungo arudishwe kwao, kwa mjomba.