Shoti ya Maji ya Dagaa

Uongo wenyewe niliusema asubuhi, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshiba chai. Siwezi kumsingizia shetani. Tulikuwa kijiweni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, na mama mmoja niliyekuwa nikimbeba kila siku kwenda sokoni Ujiji akanipita na beseni lake kichwani, akaenda kupanda pikipiki ya mzee mmoja wa kijiweni kwetu.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alikimbia pembeni yangu uwanjani, ameshika kiti, mpaka nikajua kuachia klachi bila kuruka kama chura. Baadaye alipata ajali. Kifundo cha mguu wa kushoto kikagoma kukunjika, na mguu wa kushoto ndio unaotia gia. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Kisha akarudi kijiweni na pikipiki ya umeme, ya kwanza kwetu, aliyopewa kwa mkataba na bwana mmoja mwenye duka mjini. Haina gia wala klachi. Unazungusha mkono tu, inaondoka kimya. Alizunguka kijiwe mara tatu akipiga honi, maana haikuwa na mlio mwingine wa kuturingishia.

Sisi tulinuna. Tulisema ni friji yenye magurudumu, tulisema itakata roho kwenye mlima wa Mwanga. Kusema kweli tuliogopa. Pikipiki zetu tulizijua mpaka tumboni, tulizifungua kwa spana mbili tukazifunga. Hii hatukujua hata pa kuigusa. Lakini mimi nilikuwa na langu zaidi.

"Mama, nimekukosea nini?" nikamuuliza yule mteja wangu.

Akainua pindo la kitenge, akaonyesha kovu kwenye shavu la mguu, alipounguzwa na ekzosi yangu. "Ile ya mzee haina cha kuniunguza," akasema. Wenzangu wakacheka, na kicheko chao kikanichoma.

"Haya, panda," nikamwambia. "Ila maji ya dagaa yakichuruzika mpaka kwenye betri, shoti itakayokupiga utasahau na jina la mumeo."

Beseni la dagaa wabichi linachuruzika njia nzima, hilo kila mtu analijua. Umeme na maji havipatani, hilo nalo kila mtu analijua. Kwa hiyo uongo wangu haukuhitaji kusukumwa. Kufikia mchana ulishafika Ujiji. Siku ya tatu abiria wa Ilagala akanisimulia mimi mwenyewe kwamba kuna mama kapigwa shoti akazimia, na mimi nikamwambia ndiyo, nimesikia.

Wateja wakamkimbia mzee. Alikuwa akifika wa kwanza, anakaa foleni, mabeseni yanampita. Hakuwahi kuuliza nani kaanzisha. Mwenye pikipiki alimwambia wazi kwamba mwezi ukiisha bila kazi ataichukua, na duniani hapakuwa na pikipiki nyingine ambayo mguu ule ungeikubali. Yote hayo niliyajua. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Siku moja bwana wa duka akaja mwenyewe kuumaliza uvumi. Akachota ndoo ya maji ziwani, akaimwagia pikipiki yote, kiti na betri, mbele ya akina mama. Mzee akapanda, akazunguka, akarudi amelowa, anacheka.

"Huyo kaizoea," mama mmoja akasema. "Apande mwingine."

Mzee akanitazama. "Mwana wanje, njoo wewe," akaniita kwa Kiha, yaani mwanangu, kama alivyozoea kuniita tangu ananifundisha. "Wewe watakuamini."

Nilijua kuliko mtu yeyote pale kwamba shoti haipo, maana niliiumba mimi. Ilitakiwa nitembee hatua tatu tu na kukaa. Nikawaona wenzangu wananiangalia. Nikamwona yule mama na beseni lake, nikafikiri kwamba nikipanda, kesho atakuwa wa mzee tena. Nikatikisa kichwa, nikarudi nyuma. Mtu akaguna. Mama akajitwika beseni, akaja kupanda ya kwangu. Wiki ile ile pikipiki ya mzee ikachukuliwa.

Miaka imepita. Sasa za umeme zipo hapa na pale, mabeseni yanachuruzika juu yake kila siku na hakuna anayekumbuka habari ya shoti. Na mimi ninayo. Ni nzuri, kama mzee alivyokuwa akisema.

Mzee anaziba pancha Ujiji, kando ya barabara, amekaa kwenye kigoda na mguu ameunyoosha. Mimi nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma nisimwone. Lakini mwezi uliopita msumari ulinipata jirani kabisa na pale, ikabidi nisukume mpaka kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana wanje." Aliitazama pikipiki kabla ya kunitazama mimi. Akafuta kiti kwa kiganja, polepole. Akafungua tairi, akaziba bila haraka. Alipokuwa anajaza upepo akauliza, "Siku ile uliogopa kweli?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Sidhani kama utafunguliwa tena.

"Niliogopa, mzee," nikasema.

"Nilijua tu." Akaacha pampu. "Nimeibeba siku ile moyoni muda mrefu. Nilikosea kukuita mbele za watu, mtu mwenye hofu haitwi vile. Nilikuaibisha. Unisamehe."

Nilitazama mikono yake iliyojaa gundi. Alikuwa anasubiri jibu kwa dhati.

"Yamekwisha, mzee," nikamwambia.

Akafurahi. Akasema angalau hofu nimeishinda, akainama tena, akaniongezea upepo hata kwenye tairi la mbele.