Fundi Zabibu aliyewasha mashine mbili za Bukene kwa transfoma ileile

Saa mbili na nusu asubuhi, Bukene. Mashine moja ya kukoboa mpunga inanguruma. Ya pili, mpya, imekaa kimya pembeni, bado ina vumbi la safari. Zabibu Majidi amepiga magoti mbele ya sanduku la swichi, bisibisi mdomoni, ushungi ameufunga nyuma ya shingo usije ukanasa popote.

Nyuma yake wamesimama wanawake kumi na wawili wa kikundi kinachomiliki mashine hizo.

"Fundi, zikikata tena?" anauliza mwenyekiti wao, Asnath Zablon, mwenye umri wa miaka 63.

Zabibu anatoa bisibisi mdomoni. "Zikikata, mama, nitarudi Tabora kwa miguu."

Wanacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Tangu mashine ya pili ifike mwezi uliopita, haijamaliza hata gunia moja. Kila ikiwashwa pamoja na ya kwanza, huvumilia dakika nne hivi, kisha swichi kuu inakata na zote mbili zinazima. Mpunga ulirundikana mpaka barazani, na wakulima wakaanza kupakia magunia kwenye baiskeli kuyapeleka Nzega.

Vedasto, fundi wa hapohapo Bukene, aliwaambia transfoma ni ndogo. Kupata kubwa zaidi kungewachukua mpaka msimu upite.

"Nilijumlisha kilowati zilizoandikwa kwenye vibao vya mota, nikaona zinaingia kwenye transfoma," anasema Vedasto. "Halafu nikizigusa waya, zina moto. Nikasema, basi, transfoma imeshindwa."

Ndipo akampigia simu Zabibu.

Zabibu, mwenye miaka 41, ni mzaliwa wa Tabora mjini na mtoto wa fundi bati. Aliingia kwenye ufundi akiwa karani katika karakana ya mzee Laxmidas, akiandika stakabadhi. Vijana waliokuwa wakisuka mota walipoteza hesabu ya mizunguko ya waya kila walipopiga soga. Mzee akamwita Zabibu akae karibu nao, awahesabie kwa sauti.

"Nilihesabu mwaka mzima," anasema. "Siku moja nikamwambia mzee, kama kuhesabu ni mimi, na kusuka niwe mimi." Leo anasuka mota nne hadi sita kwa mwezi katika karakana yake mwenyewe.

Lakini kuna safari moja ambayo haizungumzii kwa kicheko. Miaka kumi na mitatu iliyopita aliitwa Usinge, ambako kijiji kilikuwa kimechanga kununua jenereta la pampu ya maji. Kibao cha mota kilisema kilowati 15. Jenereta dukani liliandikwa kVA 15.

"Nikawaambia, zimelingana, nunueni."

Siku ya kuwasha, watu walikuja na ndoo. Jenereta likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Likawashwa tena, likazima tena. Miezi mitano iliyofuata kijiji kilirudi kuchota visimani, mpaka jenereta kubwa lilipopatikana.

"Mama mmoja alinipita na ndoo kichwani, akanisalimia vizuri tu," anakumbuka Zabibu. "Afadhali angenitukana."

Aliporudi Tabora alijiandikisha masomo ya jioni katika chuo cha ufundi, akiwa na swali moja tu: kilowati na kVA zinatofautiana nini? Jibu lilimchukua muhula mzima.

Wiki iliyopita aliwapa wanawake wa Bukene jibu hilo kwa dakika kumi, akitumia ghala lao. Aliwaomba wabeba mizigo waingize magunia na kuyapanga juu. Kwa kuwa ghala halikuwa na ngazi, vijana wawili walikuwa wakiiingiza ngazi kutoka nje, ikitumika wanaitoa, kisha wanairudisha tena. Mlangoni pakawa msongamano.

"Ngazi imebeba mpunga?" aliuliza Zabibu.

"Haijabeba," alijibu Asnath.

"Tuiache kabisa?"

"Magunia yatapandaje juu?"

"Basi mama, mota nayo ndivyo ilivyo. Kuna umeme unaokoboa mpunga, hizo ndizo kilowati. Kuna mwingine mota inauchukua kutengeneza sumaku, kisha inaurudisha kwenye waya, mara mia kwa sekunde moja. Haukoboi kitu, lakini bila huo mota haizunguki. Transfoma ni mlango. Yenyewe haiulizi nani kabeba gunia na nani kabeba ngazi, wote wanapita hapohapo. Msongamano wote huo ndio kVA."

Asnath akatazama mlango. "Mbona ngazi isilale ndani?"

Zabibu anasema alitamani kumkumbatia. Kumbe kinachotakiwa ndicho hicho: kapasita zinazofungwa karibu na mota, ziwe zinapokezana nayo umeme ule wa sumaku palepale, usisafiri tena mpaka kwenye transfoma.

Vipimo vyake vilionyesha mashine zote mbili zikifanya kazi ya kilowati 38 tu, lakini transfoma ya kVA 50 ilikuwa ikibeba 58. Kwenye waya zilipita ampea 84, wakati mwisho wa transfoma hiyo ni 72.

Sasa kapasita zimefungwa. Vedasto anakaza nati ya mwisho. Zabibu anabana waya kwa kipimo chake cha mkononi, anaitikia kwa kichwa kuashiria tayari, na mashine mpya inawashwa.

Dakika ya nne inafika. Ya tano. Ya kumi. Kipimo kinasoma ampea 59, na kilowati ni zilezile 38. Vedasto anagusa ganda la waya, anamgeukia Zabibu. "Ni wa baridi, dada."

Mchele mweupe unamiminika kutoka mdomo wa mashine ya pili. Asnath anakinga kiganja, anautazama, kisha anapiga kigelegele ambacho mashine zote mbili haziwezi kukifunika.

Wakati wakulima wakipanga foleni, Zabibu anakaa juu ya gunia na kufungua daftari. Anaandika kijitabu cha Kiswahili kwa waendesha mashine wa vijijini, ili mtu asinunue jenereta kwa kusoma kibao nusu. Mwezi Julai atawapokea wanafunzi kumi wa kwanza katika karakana yake, sita wakiwa wanawake.

Kilichomkwamisha ni jina la umeme ule wa sumaku. Ameandika matatu na kuyafuta yote.

"La kitabuni halimwingii mtu wa mashine," anasema. "Kwa hiyo siku ya kwanza sitawafundisha neno. Nitawasha mota, nitawapa kipimo washike wenyewe, wauone umeme huo. Halafu nitawauliza: huu tuuiteje?"