Kitambaa Chekundu Kwenye Mtungi

Katika ile hadithi nilibadilisha kila kitu: umri wa yule mama, dini yake, idadi ya vyumba kwenye ploti, hata choo nikakihamishia upande wa pili. Nilijiona mjanja kweli. Lakini kitambaa chekundu alichofunga kwenye mkono wa mtungi wake wa maziwa nilikiacha palepale, kwa sababu nilikipenda.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusikika. Serikali ya kaunti ilikuwa imekuja, redio ya mji ikawa na kipindi cha hadithi Jumamosi alasiri, na mimi, binti wa fundi viatu Mmeru, nikawa naandika juu ya watu wa mtaa wetu hapa Isiolo: wauza miraa, wapishi wa hoteli, makarani wenye viatu vilivyoshonwa na baba. Wenzangu waliandika juu ya wafalme na majini. Mimi nilichungulia dirishani.

Dirisha langu lilitazamana na mlango wa Akko. Ndivyo ploti nzima ilivyomwita, bibi kwa Kiborana. Alilea wajukuu wanne kwa biashara ya maziwa ya ngamia. Maziwa yalikuja kwa lori kutoka pande za Garbatulla, yeye na kina mama wenzake wa kikundi wakayapokea na kuyapakia kwenye basi la Nairobi. Kila mama alikuwa na alama kwenye mtungi wake wa plastiki, ili maziwa yakiharibika asisingiziwe mwingine. Yake ilikuwa kile kitambaa. Na kikundi kilikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: ukitia maji, unatoka.

Mwaka wa kiangazi kibaya, asubuhi moja, nilimwona akitia maji. Yeye hakuniona, au ndivyo nilivyodhani. Nilikaa nikaandika saa hiyohiyo kwa furaha. Naona aibu kusema hivyo, lakini ilikuwa furaha.

Hadithi ilisomwa Jumamosi moja, mvua zikiwa zimesharudi, kina mama wakiwa wameketi wanafukiza mitungi kwa moshi ili maziwa yasichache, redio katikati yao. Jumapili natoka kanisani, nikamkuta mwenyekiti wao amesimama mlangoni kwangu. Hakunipa salamu wala habari.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kuja pale kwa maziwa," alisema. "Utatuambia huyo mama wa kitambaa ni nani."

Siku hiyo Akko alipita uani mara tatu na ndoo yake bila kunitazama. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua.

Asubuhi niliwakuta wamezunguka, mtungi wa Akko umetengwa peke yake katikati. Mwenyekiti alichovya kijiti cha kiberiti ndani ya maziwa, akakikwaruza. Kwa kina mama wale, maziwa yenye maji hayaachi kijiti kuwaka. Kiliwaka. Nikashusha pumzi mapema mno.

"Hii ni maziwa ya leo," alisema. "Mimi nauliza ya kiangazi." Akanigeukia. "Wewe msichana, hiyo kitu uliona na macho yako?"

"Sikuona, mama. Nilitunga tu."

"Kutunga ni nini? Ni uongo?"

Damu ilinichemka. Juu ya swali hilohilo nilikuwa nimegombana na baba yangu miaka mingi, nikimwambia hadithi si uongo, mpaka akaacha kuniuliza. Nikamtazama Akko. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama. Ni uongo."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa nilikiona. Maji niliongeza mimi."

"Apa."

"Haki ya Mungu," nikasema, mimi niliyeshiriki meza ya Bwana jana yake tu.

Mwenyekiti alinikazia macho, halafu akatema mate pembeni. "Basi wewe ni mtu mbaya sana," alisema. Wakaanza kupakia, na mtungi wenye kitambaa chekundu ukapanda pamoja na mingine.

Mtaa haukunisamehe. Kwa miaka waliniita muongo wa redio, hata nilipotoa kitabu cha kwanza, hata cha pili. Mimi na Akko tulisalimiana kwa mbali, na sikumtia tena kwenye hadithi yoyote.

Mwaka jana, siku aliyokuwa akihamia Garbatulla kwa binti yake, alikuja kwangu. Aliketi, akakataa chai.

"Ile kitu ya maji," alisema, "sasa unaweza kuandika. Mimi nimeacha maziwa. Lakini andika vizuri. Kwa redio ulisema ndoo."

"Ndiyo, Akko."

"Haikuwa ndoo. Ngamia zilikuwa zinakufa, na yule mjukuu mdogo alikuwa hospitali. Ilikuwa kikombe moja." Aliinua kidole kimoja mbele ya uso wangu. "Halafu nikakaa chini nikalia. Hiyo hukuandika."

"Sikuiona, Akko."

"Najua. Niliinua macho kuangalia dirisha yako. Ulikuwa umeshaenda kuandika."